Marubani wa Mashambani

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, jeshi la Marekani lilibaki na ndege nyingi za mafunzo za Curtiss JN-4, ambazo watu walizoea kuziita Jenny. Ziliuzwa kwa bei ya kutupa. Rubani Charles Lindbergh alinunua yake mwaka 1923 kwa dola 500, akaanza kuzunguka nayo vijijini kama marubani wenzake, akipakia abiria.

Watu hukumbuka mikogo ya marubani hao: kupinduka angani, kutembea juu ya bawa ndege ikiwa hewani. Mimi nausifu utuaji wao. Hapakuwa na kiwanja wala mnara wa kumwelekeza mtu. Rubani alizunguka juu ya kijiji, akatazama moshi wa majiko unaelekea wapi ili aujue upepo, kisha akalipima kwa macho shamba lililovunwa: mtaro uko wapi, waya wa ua umepita wapi, ng'ombe wamesimama upande gani. Jenny haikuwa na breki. Injini yake ya nguvu farasi 90 ilipata tabu kuinua watu wawili siku ya joto, kwa hiyo shamba lililotosha kutua huenda lisitoshe kurukia. Akishatua, huyohuyo alitia vali grisi, akashona kitambaa cha bawa kilichochanika, akakata tiketi.

Kati yao namtanguliza Bessie Coleman, mzaliwa wa Texas, 1892, aliyekulia kwenye mashamba ya pamba. Shule za urubani za Marekani zilimkataa kwa kuwa ni mwanamke, tena mweusi. Akajifunza Kifaransa, akavuka bahari, akapata leseni Ufaransa tarehe 15 Juni 1921. Alipokwenda kuonyesha urushaji wake huko Waxahachie, mji aliokulia, waandaaji walitaka weupe na weusi waingie kwa milango tofauti. Akasema harushi ndege mpaka wote wapite mlango mmoja. Wakakubali, ingawa ndani waliwaketisha mbalimbali.

Alikufa Jacksonville tarehe 30 Aprili 1926. Fundi wake ndiye aliyekuwa akiendesha ndege. Spana ilikwama kwenye mitambo, ndege ikapiga mbizi. Bessie akaanguka nje; hakuwa amefunga mkanda, kwa sababu alitaka kuchungulia chini apate mahali pa kushukia kwa mwavuli. Alikuwa kazini, akiisoma ardhi.

Mwezi uliofuata Marekani ilipitisha sheria ya usafiri wa anga iliyodai leseni na ukaguzi. Ilihitajika kweli. Lakini wakulima walikwisha kuizoea ndege, na waliowazoesha ni marubani hawa, si serikali.