Breki ya tela la boti na mchanga wa Kilwa

Breki ya kawaida ya tela la boti haiendeshwi kwa kanyagio wala waya. Kichwa cha tela, kile kinachokamata tufe la chuma nyuma ya gari, kimeundwa kwa vipande viwili vinavyoingiana. Dereva akipunguza mwendo, tela lenye mzigo wa boti huendelea kulisukuma gari. Vipande vile viwili hubanana, na fimbo iliyomo ndani husukuma masta silinda. Mafuta ya breki huenda moja kwa moja kwenye magurudumu. Kadiri boti ilivyo nzito, ndivyo breki inavyokamata zaidi. Ni ufundi mzuri kwa tani mbili za boti ya faiba na injini yake inayotoka Dar es Salaam kwenda Kilwa Masoko kwa lami. Ulaya tela linalozidi kilo 750 halitakiwi barabarani bila breki, na nyingi hukamata kwa kusukumana namna hii.

Kasoro yake ni kwamba inajua jambo moja tu: kwamba gari na tela vimesukumana. Haijui kwa nini.

Pwani ya Kilwa na Lindi ni tambarare. Siku za bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3, na maji yakitoka huacha uwanja mpana wa mchanga na tope. Anayetaka kushusha boti hapo hupiga rivasi mbali zaidi kuliko mtu wa ziwani mwenye mteremko wa zege. Magurudumu ya tela yanazama, mchanga unalishika, gari linasukuma kwa nyuma, na kichwa kinabanana vilevile kama kwenye breki ya dharura. Breki inafunga. Dereva anaongeza moto, breki inazidi kufunga, na tairi za gari zinachimba. Nje anaonekana mtu aliyekwama kwenye mchanga, kumbe amejifunga breki mwenyewe.

Watengenezaji wanalijua hili. Breki nyingi za dramu zina mpangilio wa kulegea gurudumu linapozunguka kinyume. Zile za diski hutegemea solenoidi inayopata umeme kutoka taa ya rivasi na kuzuia mafuta yasipite. Kwenye maji ya chumvi, plagi ya solenoidi hiyo ndiyo huoza mapema. Umeme usipofika, breki hufunga kama kawaida. Kwa pwani yetu naiamini zaidi pini ya mkono inayozuia vipande visiingiane, kwa matela yenye tundu lake. Sharti ipakwe rangi nyekundu na ifungwe kwa kamba ndefu, kwa sababu ikisahaulika ndani, tela linarudi barabarani halina breki kabisa.

Chumvi nayo ina njia zake. Tela likifika ufukweni baada ya safari, habu huwa za moto. Zikitumbukizwa hapohapo baharini, hewa iliyo ndani hupoa ghafla na kusinyaa, na maji ya chumvi hunyonywa kupitia sili hadi kwenye beringi. Subira ya nusu saa kivulini inaokoa beringi kuliko grisi ya bei ghali. Boti ikishaelea, tela lioshwe kwa maji baridi siku hiyohiyo, ndani ya dramu pia na mahali vipande vya kichwa vinapoingiana. Kumwagia kwa nje tu kunalisafisha kwa macho.

Lakini matela mengi huharibika yakiwa yamesimama. Masika yakikaribia, na kusi likishika baada yake, boti hupanda juu na tela husahauliwa nyuma ya nyumba kwa miezi. Hapo mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yanaendelea kunyonya unyevu wa hewa. Yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205. Yakishalowa, kiwango chao hushuka kuelekea 140, na maji yaliyomo yanakula masta silinda kwa ndani. Kwa hiyo kabla ya kulihifadhi, yatolewe yote, yatiwe mapya, na chombo cha mafuta kijazwe ili hewa isipate nafasi.

Breki ya mkono isifungwe, kwa maana shuu hugandana na dramu. Magurudumu yazuiwe kwa magogo. Ekseli inyanyuliwe juu ya vigingi. Kichwa kivutwe nje chote, ili fimbo isiikandamize masta silinda, na sehemu inayobaki wazi ipakwe grisi. Ndani ya kikombe kinachoshika tufe, grisi ya zamani ifutwe kwanza mpaka chuma kionekane, maana grisi iliyochanganyika na mchanga ni msasa. Kisha kifungwe kitambaa, siyo mfuko wa plastiki uliokazwa unaotunza jasho. Nyigu wa udongo hupenda kikombe hicho na tundu la kupumulia la masta silinda. Nyumba yao ikiziba tundu, mafuta huenda yasirudi vizuri na breki ikabaki imeshika.

Kuna jambo dogo la vipimo linalopuuzwa. Tufe la magari ya Ulaya na Afrika Kusini ni milimita 50. La Marekani la inchi mbili ni milimita 50.8. Kichwa cha Kimarekani juu ya tufe la 50 kinakaa, lakini kinacheza, na kila kishindo cha barabara kinakila. Cha Ulaya juu ya tufe la Marekani huenda kisifunge hadi mwisho, na wapo wanaokipiga nyundo. Namba imechorwa kwenye chuma chenyewe, isomwe.

Mwenye boti inayoshuka na kupanda palepale ufukweni kila wiki, nadhani hana haja ya mtambo huu wote. Tela la pili, bila breki, lenye pini nene ya kuungia na tairi pana za kukanyaga mchanga, likivutwa na trekta, linamtosha. Lile lenye breki likae juu, kavu, kwa safari za lami. Ni kweli mafundi wa Kilwa Kivinje huegesha majahazi kwa bamvua, na maji yakitoka hupiga kalafati chini ya chombo kilicholala bila kuhitaji gurudumu lolote. Lakini boti ya faiba yenye injini nzito nyuma hailali hivyo kwa usalama.

Siku ya kulitoa tena barabarani, zuia magurudumu, rudisha gari taratibu, uangalie kichwa kinaingia kiasi gani. Kikipita takriban sentimita 2.5 katika matela mengi, breki zinahitaji kukazwa au mafuta yana hewa. Waya mwembamba wa dharura, unaofunga breki tela likichomoka, uvutwe uone kama haujaliwa na kutu. Ukitoka Masoko, simama njia panda ya Nangurukuru kabla ya kuingia barabara kuu ya Lindi, usogeze mkono karibu na kila habu. Inayochoma kuliko nyingine ina breki iliyonasa au beringi iliyokufa. Ya baridi kabisa wakati nyingine zina joto, breki yake haijafunga hata mara moja tangu uondoke.