Imani ya Mnyonge katika Riwaya ya Shusaku Endo

Riwaya ya Shusaku Endo iitwayo Chinmoku, yaani Kimya, ilitolewa Japani mwaka 1966, na tangu hapo imesomwa aghalabu kama kisa cha padre aliyeikana dini yake. Usomaji huo si wa uongo, lakini haufiki mbali. Padre Sebastião Rodrigues ndiye aliyepewa kurasa nyingi. Swali zito la kitabu limo katika mikono ya mtu mwingine, mlevi na msaliti, jina lake Kichijiro.

Utawala wa Tokugawa uliupiga Ukristo marufuku katika nchi nzima mwaka 1614. Mwaka 1633 Cristóvão Ferreira, kiongozi wa Wajesuiti huko, aliikana imani baada ya kuning'inizwa kichwa chini shimoni. Haya ni ya tarikh. Endo amemwumba Rodrigues, mwanafunzi wa Ferreira, akampeleka Japani kumtafuta mwalimu wake. Huko akuta wakulima wasalio kwa siri, na maofisa wachukuao fumie, bamba lenye sura takatifu ambalo kila ashukiwaye hutakiwa kulikanyaga. Mokichi na Ichizo wafungwa mitini pwani, na bahari ikajaa na kupwa juu yao hata wakafa. Mawimbi yaendelea kupiga kama jana. Mbinguni hapatoki neno.

Msomaji wa Afrika ya Mashariki aliyelelewa na habari za mashahidi wa Namugongo wa mwaka 1886 hutazamia kwamba Rodrigues naye atakufa kishujaa. Rodrigues mwenyewe alitazamia hivyo. Usiku wa mwisho gerezani asikia mkoromo, akachukizwa na mlinzi aliyelala fofofo. Ferreira amwambia kuwa huo si mkoromo, bali ni kuugua kwa wakulima walioning'inizwa shimoni. Wamekwisha kuikana dini, ila hawatafunguliwa mpaka padre akanyage. Alikuwa tayari kuyatoa maisha yake. Hakuwa amejiandaa kuyatoa ya wengine. Akanyaga, sura iliyo katika bamba yamsemesha, na jogoo awika mbali.

Hapa kitabu chalegea. Mwandishi aliyekistahimili kimya kwa muda mrefu ashindwa kukistahimili saa ambayo kingekuwa na maana kuliko zote. Yawezekana kumtetea kwa kusema kuwa sauti ile yatoka katika moyo wa Rodrigues mwenyewe, na utetezi huo una nguvu; hata hivyo faraja yafika upesi mno, tena yamfikia aliyesoma vitabu vingi.

Kichijiro hasemeshwi. Alikanyaga zamani, ndugu zake waliokataa wakachomwa moto. Baadaye amtoa padre kwa fedha. Kila aangukapo hurudi akinuka pombe, akililia kitubio, na Rodrigues humwondolea dhambi kwa kinyaa. Lalamiko lake ni kwamba kama angalizaliwa katika siku za amani angalikuwa Mkristo mwema. Nani atamjibu? Wengi wasifiwao kwa uthabiti wa dini hawakupata kuwekewa bamba miguuni. Endo, aliyebatizwa angali mtoto na kuifananisha imani yake na suti ya kigeni isiyomkaa mwilini, alikuwa na sababu ya kumsikiliza mtu huyu. Shahidi hushinda mara moja, na ushindi wake hauwezi kuharibika tena. Kichijiro hana budi kuanza upya kila siku, na aibu ya jana i mgongoni.

Mwisho wa riwaya pana nyongeza iliyoandikwa kwa lugha kavu, mfano wa shajara ya ofisa wa serikali, na wasomaji wenye haraka huiruka. Humo padre amekwisha kupewa jina la Okada San'emon na mke wa Kijapani, naye anaamriwa kuandika tena hati ya kuukana Ukristo. Kwa nini tena? Ofisa haelezi. Kichijiro, ambaye sasa ni mtumishi wa nyumba hiyo, apekuliwa. Ndani ya kifuko cha hirizi alichokivaa shingoni chaonekana kitu kitakatifu cha Kikristo. Aulizwa alikipata wapi; ajibu kuwa mtu mwingine alikiangusha, naye akakiokota.