Heko kwa Mafundi Wanaofagia

Gerezani, Dar es Salaam, mafundi wa kuchomelea wamebanana bega kwa bega, na vumbi la grenda halipumziki. Ndiyo maana nawavulia kofia wanaofagia kabla ya kuwasha mashine. Cheche huweza kuruka hata mita 10. Ikidondokea tambara lenye mafuta, mmekwisha. Vijiti vya kuchomelea wamevifungia kwenye kopo lenye mfuniko, maana kijiti kilichonyonya unyevu huacha vitundu kwenye maungio, nawe mwenye geti utavigundua kutu ikishaingia. Mtungi wa oksijeni umefungwa mnyororo, na hakuna anayeigusa koki yake kwa mikono ya grisi. Mimi nikitafuta fundi naangalia sakafu kwanza, bei tutaelewana.