Vina na Safari ya Angani: Usomaji kutoka Pangi

Kitabu cha picha *Goodnight Spaceman* (2016), kilichotungwa na Michelle Robinson na kuchorwa na Nick East, humpeleka mtoto angani kwa roketi wakati wa kulala. Safari yote imefungwa kwa vina. Je, kikifasiriwa kwa watoto wa Pangi, mkoani Maniema, vina hivyo vibaki?

Takriban kila neno la Kiswahili huishia kwa vokali, na vokali ni tano tu. Mwingereza hutafuta kina kwa jasho. Mswahili hukiokota njiani. Ndiyo maana washairi wa pwani hudai silabi nzima ilingane, na mizani juu yake. Mfasiri atakayeridhika na vokali pekee atakuwa ameleta mlio mtupu.

Isitoshe, mtoto wa Kirega ana jirani aliyekwisha kufika huko juu. Katika utendi wa Mwindo wa Wanyanga, uliosimuliwa na Candi Rureke mwaka 1956 na kuchapishwa na Biebuyck na Mateene mwaka 1969, Nkuba, yaani Radi, humchukua shujaa hadi mbinguni. Mvua humnyeshea, jua humchoma, naye hukatazwa kuua wanyama. Mbingu hizo zina wenyewe. Za kitabu cha Kiingereza ni uwanja wa kuchezea tu.

Nyimbo za utendi huo husimama kwa kurudiwa na kuitikiwa, bila kuhitaji vina. Kitabu nacho, kwa bahati, hurudia neno lake la kuagana. Hilo ndilo la kuokolewa kwanza: mzazi ataje, mtoto aitikie, hata vina vikipotea.