Kihenge Hakibebeki

Nje kidogo ya mji wa Bariadi yuko mzee ambaye bado anasuka vihenge, maghala ya fito ya kuwekea nafaka. Nilimwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, guku," akaitika bila kuinua macho, maana alikuwa amefika pagumu, pale tumbo la kihenge linapoanza kupanuka. Hapimi kwa kamba. Hupapasa fito kwa kiganja, akiona imekauka huitupa kando, akiikubali huipitisha nje, ndani, nje, kisha huigonga ikae. Hicho alichokuwa anakisuka kimeagizwa na mwenye hoteli, kiwe pambo bustanini. Hakitakandikwa.

Kukandika ilikuwa kazi yetu watoto. Mdomo wa kihenge ni mwembamba, mtu mzima hapenyi, kwa hiyo bibi alikuwa akinitumbukiza mimi na bakuli la udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe, nizibe kila upenyo kwa vidole. Humo ndani kulinukia moshi na mtama wa mwaka jana. Sauti ya bibi ilipita ukutani ikiniuliza kama bado naona mwanga. Nikisema naona, hakunitoa. Baada ya mavuno, yeye peke yake ndiye aliyechota. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akajua kama chakula kitatufikisha kwenye mvua.

Fito zilitoka ngitili, malisho yaliyofungwa yapumzike. Wakoloni walikuwa wamefyeka vichaka vingi vya Usukuma kuwafukuza mbung'o, na pamba ikaendeleza ufyekaji. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, Bariadi ikiwa bado chini ya Shinyanga (mkoa wa Simiyu ulizaliwa 2012), ngitili nyingi zilifufuka. Miti ikarudi. Wasukaji hawakurudi.

Sasa nafaka yetu inakaa kwenye viroba, na kiroba ni chepesi kuondoka. Mtu anakitupa kwenye bodaboda usiku, asubuhi kimeshauzwa kwa bei ya mavuno, na Januari familia hiyohiyo inanunua mahindi kwa bei ya kuumiza. Kihenge hakibebeki. Kiliwekwa juu ya mawe, kikatulia hapo, na kila aliyetaka kukipunguza alipita mbele ya mama mwenye nyumba.

Vijana niliozungumza nao wanaijua bei ya kilo ya pamba, na ni haki yao kuijua. Hakuna hata mmoja aliyeweza kuniambia fito za kihenge hukatwa kwenye mti gani.