Riwaya za Nyumba Zenye Kimya

Wasomaji wetu wametuuliza zaidi ya mara moja: Je, mkristu aweza kusoma riwaya za siku hizi, zile zinazosimulia magomvi ya bwana na bibi, wake wenza, utasa na siri za nyumbani? Wengine wamekwisha kujijibu. Wasema vitabu hivyo vyafundisha wanawake kiburi na kuvunja ndoa, heri vichomwe moto. Sisi tumesoma vitatu, vyote vimeandikwa na wanawake wa Afrika, na vyote vyapatikana kwa Kifaransa. Twataka kusema tulivyoona, bila kuficha yaliyotuudhi.

Cha kwanza chatuhusu kuliko vingine, maana chasimulia nyumba ya wakatoliki. Ni L'Hibiscus pourpre, cha Chimamanda Ngozi Adichie wa Nigeria, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 2003. Baba wa nyumba hiyo, Eugene, ni tajiri wa mji wa Enugu. Ana viwanda, ana gazeti lisiloogopa serikali ya askari, asaidia maskini, hakosi misa wala komunyo. Padri mzungu wa parokia humtaja katika mahubiri awe mfano kwa wengine. Na mtu huyo huyo hupiga bibi yake mpaka mimba yatoka, kisha awasalisha watoto novena ili mama yao asamehewe. Binti yake Kambili, mwenye miaka 15, amwagiwa maji ya moto miguuni kwa sababu alilala nyumba moja na babu yake asiyebatizwa, wala hakusema.

Hapa ndipo wengi hufunga kitabu na kusema, "Mwandishi huyu atukana dini." Sisi hatuoni hivyo. Kama angetaka kutukana, angemfanya Eugene mnafiki, mtu wa kusali mbele ya watu na kucheka sirini. Hakufanya hivyo. Eugene alia machozi baada ya kuwaunguza watoto wake. Aamini kwamba awaokoa. Tena mwandishi ameweka nyumba ya pili mbele yetu: nyumba ya Ifeoma, dada yake Eugene, mjane, mwalimu wa chuo kikuu huko Nsukka. Naye ni mkatoliki. Huko pia rozari husaliwa, lakini wao huimba nyimbo za Kiigbo katikati, na watoto hucheka mezani hata nyama ikiwa kidogo. Rozari ni moja, nyumba ni mbili. Mtu aliyesoma nyumba moja na kuiruka ya pili hajasoma kitabu.

Kilichotuchoma sisi ni mambo ya parokia. Nani asiyeyajua? Mtu akitoa mabati ya kanisa na mifuko ya saruji, jina lake latajwa Jumapili, na makofi yapigwa. Hakuna anayeuliza kwa nini bibi yake amejifunika uso. Mama Beatrice, bibi ya Eugene, kila akipigwa hushuka kupangusa visanamu vyake vidogo vilivyopangwa kabatini, kimoja kimoja, polepole. Watoto wamsikia, nao hawasemi neno. Mwandishi naye hahubiri. Atuonyesha kile kitambaa tu.

Cha pili ni Les Impatientes, cha Djaïli Amadou Amal wa Kameruni, kilichopewa Prix Goncourt des lycéens mwaka 2020. Ni habari za Waislamu Wafulbe wa kaskazini ya nchi ile. Ramla alitaka kuendelea na masomo, naye aozwa kwa tajiri mwenye bibi tayari. Hindou aozwa kwa binamu yake, mlevi mwenye kupiga. Safira, bibi mkubwa, aambiwa ampokee mwenzake kwa moyo mweupe. Wote watatu huambiwa neno moja, munyal, yaani vumilia. Wakristu wasijisifu upesi. Neno lile lina ndugu zake kwetu: "Beba msalaba wako, mwanangu, rudi kwa bwana yako." Lakini Baba Mtakatifu Fransisko, katika Amoris Laetitia ya mwaka 2016, namba 54, alisema kwamba kumpiga na kumtesa bibi kwapingana na asili yenyewe ya umoja wa ndoa; na katika namba 241, kwamba mara nyingine kutengana kwaweza kuwa lazima, kwa kumwokoa mnyonge au watoto. Wangapi wamesikia namba hizo kanisani?

Hata hivyo, kama riwaya, kitabu hiki ni dhaifu kuliko cha kwanza. Wanaume wake ni kama visiki. Hatujui wawaza nini.

Ayobami Adebayo, katika Reste avec moi (kwa Kiingereza kilitoka mwaka 2017), amepona kosa hilo. Yejide na bwana yake Akin, wa mji wa Ilesa, hawapati mtoto. Mama mkwe aleta bibi wa pili. Yejide apanda mlima kwa nabii akimvuta mbuzi. Wote wamlaumu yeye. Kumbe mwenye ugonjwa ni Akin, naye ajua, na ili kuficha haya yake afanya mpango mbaya na ndugu yake mwenyewe. Lakini mwandishi amempa Akin naye nafasi ya kusema, na tukimsikia twachukia tendo lake bila kuweza kumchukia yeye. Yafaa tukumbushe hapa kanuni ya 1084 ya Sheria ya Kanisa: mtu asiyeweza kabisa tendo la ndoa, tangu kabla ya kufunga ndoa na bila tumaini la kupona, ndoa yake si halali, lakini utasa peke yake hauibatilishi ndoa. Katika barza zetu hukumu ni kinyume: mwanamke asiyezaa afukuzwa, mwanamume haulizwi neno.

Sasa lawama yetu. Mwisho wa L'Hibiscus pourpre, mama atia sumu katika chai ya bwana yake, na kijana wake Jaja ajitwika kosa na kufungwa. Hatusemi mwandishi asifu tendo hilo, maana aonyesha bei yake: gereza, na akili ya mama iliyovurugika. Lakini amefunga milango mingine upesi mno. Ifeoma alimwonya Beatrice asirudi nyumbani, mapadri, je? Padri Amadi, kijana ambaye Kambili ampenda, ashika ahadi yake, vema. Ila mwandishi amempangusa mno, naye amekuwa kisanamu.

Tarehe 17 Julai 2024 Baba Mtakatifu Fransisko aliandika barua ya kusifu usomaji wa riwaya, kwa mapadri na kwa wakristu wote, kwa kuwa hutufundisha kusikia sauti ya mwingine. Basi visomwe. Si kwa watoto wa komunyo ya kwanza, maana usiku wa arusi ya Hindou ni mambo mazito. Bali kwa wachumba, makatekista, na zaidi sana mabwana. Kitabu chetu cha L'Hibiscus pourpre kimekwisha kupita katika mikono ya mama tisa wa parokia. Bwana hata mmoja hajakiomba.