Furu, mwanga, na kisingizio cha homoni

Kuna sentensi moja inayotembea sana kwenye makala za mapenzi mitandaoni na kwenye vijiwe vya mwaloni hapa Nkome: mwanaume hawezi kujizuia, ni homoni. Ikiongezewa neno "feromoni" ndiyo inanoga kabisa, inasikika kisomi. Nimeirudia Darwin's Dreampond ya Tijs Goldschmidt kwa sababu ya sentensi hiyo, maana sijaona kitabu kingine kinachoonyesha vizuri hivi jinsi mapenzi ya viumbe yalivyo na mambo mengi zaidi ya kemikali. Na viumbe wenyewe ni wa kwetu, wa ziwa hili hili.

Goldschmidt ni mwanabiolojia wa Uholanzi aliyekuja Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 na timu ya Chuo Kikuu cha Leiden kuwachunguza furu. Kitabu kilitoka kwa Kiholanzi mwaka 1994, kwa Kiingereza 1996. Tafsiri ya Kiswahili sijaiona, ingawa hii ndiyo lugha ya wanaowavua samaki hao. Ni sayansi iliyoandikwa kama masimulizi ya safari. Unafuata mtumbwi na nyavu, na kabla hujachoka umeshaelewa jinsi spishi moja inavyoweza kugawanyika kuwa mbili. Ziwa Victoria lilikuwa na spishi za furu zinazokadiriwa kufikia 500, kisha sangara aliyepandikizwa kuanzia miaka ya 1950 akazimaliza nyingi.

Kwa furu, mwenye kuchagua ni jike. Yeye ndiye anayeatamia mayai mdomoni, kwa hiyo kosa la kuchagua ni la gharama kwake. Madume kazi yao ni kujipamba. Mmoja wao ana mgongo mwekundu wa kuwaka, na wanasayansi walimpa jina mwaka 1985, mwaka ule ule Mwalimu alipong'atuka: nyererei. Ndugu yake wa karibu, pundamilia, ana rangi ya bluu iliyopoa.

Sasa hapa inabidi usome zaidi ya kitabu. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walichapisha utafiti uliotikisa fani yao: maji ya ziwa yanapochafuka na kupoteza mwanga, majike hawaoni rangi vizuri, na uchaguzi unavurugika. Maabarani, chini ya mwanga wa rangi moja, majike walioshikilia rangi ya madume wa spishi yao waliacha kubagua. Kwenye kisiwa cha Luanso, Ghuba ya Mwanza, ambako maji yana tope sana, wekundu na wa bluu wamechanganyika. Homoni za samaki hawa zipo, hamu ipo. Kilichopotea ni mwanga wa kuchagulia.

Ukitaka harufu, nenda Ziwa Tanganyika. Huko kuna samaki wa ukoo huo huo, burtoni, aliyechunguzwa miaka mingi na Russell Fernald wa Marekani. Dume mwenye himaya hukojoa mara nyingi zaidi jike mwenye mayai anapokaribia, na mkojo ule ni ujumbe. Lakini angalia mpangilio wa mambo. Dume mnyonge akipata himaya, rangi yake hubadilika ndani ya dakika chache, kisha seli za ubongo zinazoamsha homoni za uzazi hukua. Akinyang'anywa himaya, zinasinyaa. Cheo kimetangulia, homoni imefuata.

Je, binadamu? Neno feromoni lilibuniwa mwaka 1959 kwa ajili ya wadudu na wanyama wengine, na mpaka leo hakuna kemikali hata moja iliyothibitishwa kuwa feromoni ya mapenzi ya mtu. Manukato yanayouzwa kwa jina hilo ni dawa ya mvuto yenye lebo. Homoni tunazo, sawa. Ila mwaka 2009 Martin Muller na wenzake walipima testosteroni za wanaume wa Kihadzabe na Kidatoga, hapa hapa Tanzania. Baba wa Kihadzabe, ambao hubeba na kulea watoto wao kwa karibu, walikuwa na kiwango cha chini kuliko wasio na watoto. Kwa Wadatoga, ambao baba hukaa mbali na ulezi wa watoto wachanga, tofauti hiyo haikuonekana. Yaani malezi yanaingia mpaka kwenye damu.

Ndiyo maana nina ugomvi kidogo na Goldschmidt. Kitabu kinaitwa bwawa la ndoto la Darwin, na kweli ndoto ni ya Darwin. Furu ndio wahusika wakuu, watu wa pwani ya ziwa wanapita pembeni. Kwa msomaji wa hapa swali linalofuata haliepukiki: kama tope linamnyima jike uchaguzi, nini kinamnyima mwanamke wa mwaloni? Mchuuzi asiye na mtaji anasubiri mtumbwi alfajiri, na mwenye samaki anaweka sharti la mwili wake. Upande wa Kenya sharti hilo lina jina kabisa, jaboya. Ukieleza jambo hilo kwa homoni umemsamehe mwenye mtumbwi na umefuta njaa, bei ya samaki na ukosefu wa mkopo kwa neno moja la kisomi.

Kisomeni, hasa kurasa za furu, kwa sababu kimeandikwa na mtu anayependa anachokitazama. Halafu mtu akikwambia ndivyo tulivyoumbwa, muulize kwanza maji ya hapo yana mwanga kiasi gani.